Ukungu wa Nainokanoka na mustakabali wa taswira halisi katika michezo ya kompyuta

MICHEZO ya kompyuta imekaribia kuionyesha dunia kama kamera inavyoionyesha, lakini hatua chache zilizosalia ni ngumu kuliko nyingi zilizokwisha kupigwa. Mandhari ya Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, inatosha kueleza kile kilichokwisha kuwezekana na kile ambacho bado kinawasumbua wataalamu.

Nainokanoka ipo katika nyanda za juu, jirani na Kreta ya Olmoti, unakotoka Mto Munge unaoteremka hadi ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Ni eneo lenye ukungu, nyasi zinazoyumbishwa na upepo, ng'ombe, na wafugaji wa Kimaasai waliojifunga mashuka. Kwa mtengenezaji wa michezo, kila kimojawapo ni mtihani wa aina yake.

Muda ndio kikwazo

Tofauti kubwa kati ya filamu na mchezo ni muda. Filamu ya The Lion King ya mwaka 2019 ni mfano mzuri. Kabla ya kuitengeneza, mafundi walikwenda Kenya kupiga picha za mbuga na wanyama. Mwongozaji Jon Favreau na wenzake walivaa miwani maalumu na kutembea ndani ya mbuga ya kompyuta iliyoendeshwa na Unity, programu ya kutengenezea michezo.

Hata hivyo, taswira walizoziona papo hapo zilikuwa za kukadiria tu. Zile zilizofika kwenye majumba ya sinema zilikokotolewa baadaye, bila haraka. Picha moja tu katika filamu hiyo, ile ya mawio inayoifungua, ndiyo iliyopigwa kwa kamera halisi.

Mchezo hauna nafasi hiyo. Ukionyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha inapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7. Kioo cha kiwango cha 4K kina nukta zipatazo milioni 8.3, hivyo mashine inalazimika kuamua rangi za nukta karibu milioni 500 katika kila sekunde.

Nguvu za mashine zimeongezeka mno. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilikadiriwa kufanya mahesabu bilioni 6.2 kwa sekunde. PlayStation 5 ya mwaka 2020 hufikisha trilioni 10.28, yaani zaidi ya mara 1,600. Lakini uhalisia haukuongezeka kwa kiasi hicho, kwa kuwa kila hatua mpya hugharimu zaidi ya iliyotangulia na huonekana kidogo zaidi machoni.

Mwanga na mawe

Kanuni ya kukokotoa mwanga inafahamika tangu mwaka 1986, pale James Kajiya alipoiandika kwa hisabati. Ugumu ni kuitekeleza kwa haraka. Mwaka 2018 kampuni ya Nvidia ilileta sokoni kadi za RTX zenye sehemu maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga. Kwa kuwa miale inayowezekana kufuatiliwa kwa wakati huo mfupi ni michache, picha hutoka na chengachenga, na programu zilizofunzwa kwa mifano mingi huzisafisha kwa kukisia kilichokosekana.

Upande wa mawe, udongo na magome ya miti, kazi imekwenda mbali zaidi. Mbinu inayotumika ni fotogrametria, ambapo kitu hupigwa picha nyingi kutoka pande mbalimbali, kisha kompyuta hujenga umbo lake.

Mbinu hiyo imekwisha kutumika huko huko Ngorongoro. Nyayo mpya za binadamu wa kale huko Laetoli, zenye umri wa miaka takribani milioni 3.66, zilitangazwa mwaka 2016 na watafiti wakiwamo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikiwa zimehifadhiwa kwa maumbo ya aina hiyo. Kwa upande wa michezo, Unreal Engine 5, iliyotolewa rasmi mwaka 2022, inaweza kuonyesha papo hapo maumbo yenye maelezo mengi kiasi hicho.

Ukungu na nyuso

Kinachosumbua zaidi ni kile kisichotulia. Mwaka 1999 mchezo wa Silent Hill ulitumia ukungu kuficha udhaifu wa mashine, ambayo haikuweza kuchora vitu vya mbali. Leo ukungu umegeuka kipimo cha ustadi. Mbinu iliyoenea ni kuigawa hewa iliyo mbele ya mtazamaji katika visanduku vidogo na kukadiria mwanga katika kila kimoja. Ukungu wa mbali hupendeza. Ule unaopita katikati ya majani na manyoya ya ng'ombe bado huonyesha dosari.

Binadamu ni mgumu zaidi. Tangu mwaka 1970, Masahiro Mori wa Japani alieleza kwamba sanamu inayokaribia sana kufanana na mtu, lakini isifanane kabisa, humtia mtazamaji wasiwasi.

Aidha, mwaka 2020 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alihoji kwamba utafiti wa taswira umeifanya ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka kuwa ndiyo kielelezo cha binadamu. Juhudi nyingi zilielekezwa kwenye mwanga unaopenya ngozi, ilhali katika ngozi nyeusi mng'ao wa juu ndio unaoonekana zaidi. Nywele za kipilipili nazo zilipuuzwa kwa muda mrefu.

Nani atapigwa picha?

Hapo ndipo suala hili linapowagusa wakazi wa Afrika Mashariki. Mashine huiga vizuri kile ilichopewa kwa wingi. Mbuga za Afrika zimeonyeshwa katika michezo kama Afrika na Far Cry 2, yote ya mwaka 2008, lakini watengenezaji wake walikuwa Japani na Kanada. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, akiwa na nyenzo chache mno kulinganisha na kampuni hizo.

Dalili za mustakabali zipo. Mwaka 2023 video ya mchezo wa Unrecord iliwafanya watazamaji wengi kudhani ni picha halisi, ingawa ilisaidiwa na kuiga kamera duni ya kifuani, inayoficha kasoro. Mwaka 2025 Google DeepMind ilionyesha Genie 3, inayobuni mandhari kutokana na maelezo ya maneno na kuionyesha kwa picha 24 kwa sekunde, ingawa kwa dakika chache tu.

Kwa mchezaji anayetumia simu, joto na betri vitaendelea kuwa kikwazo, maana simu nyingi hazina feni. Lakini vifaa vya fotogrametria vimeshuka bei kiasi kwamba kamera ya kawaida na kompyuta vinatosha kuanzia. Jiwe la Olmoti lililopigwa picha na kijana wa Karatu haliwi duni kuliko la Ulaya ndani ya mchezo. Nyuso na ukungu vitachukua muda zaidi; na iwapo havitakusanywa na wanaovifahamu, mashine itavikisia kwa mifano ya kwingineko.