Kutoka Herufi Tu Mpaka Matoleo 75: Stori ya Lumberjanes na Wasichana Ambao Hawakualikwa

Picha linaanza usiku wa manane. Wasichana watano wametoroka kwenye kibanda chao cha kambi na kuingia msituni, wakimfuata bibi kizee ambaye wameona kwa macho yao akigeuka dubu. Kabla hawajakaa sawa, wanavamiwa na mbweha wenye macho matatu. Hakuna anayekimbia kumwita kaka wala mwanajeshi. Wanazipiga wenyewe, wanashinda, halafu wanarudi kambini kupokea kibano kutoka kwa kiongozi wao wa kibanda, dada mmoja anaitwa Jen, ambaye amechoka na maisha.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Lumberjanes, katuni ya Marekani iliyoingia madukani Aprili 2014. Wengi wanaijua kupitia mtu mmoja tu, ND Stevenson, yuleyule wa Nimona, filamu iliyotikisa Netflix mwaka 2023. Ukweli ni kwamba walikuwa wanne: Shannon Watters, aliyekuwa mhariri kwenye kampuni ya BOOM! Studios, Grace Ellis, Gus Allen aliyeshika kalamu ya kuchora, na huyo Stevenson.

Ila stori yenyewe haikuanza 2014. Ilianza miaka 105 nyuma, na walioianzisha wengi wao hakuna anayewajua kwa majina.

Gwaride la Crystal Palace

Septemba 1909, London. Vijana zaidi ya 10,000 wa Skauti wamejazana Crystal Palace kwenye mkutano wao mkubwa wa kwanza. Robert Baden-Powell, mzee mzima aliyeanzisha mambo hayo, anapita kukagua. Katikati ya bahari ile ya wavulana anakuta kikundi kidogo cha wasichana. Hawakualikwa. Wamevaa kiskauti, na alipowauliza wao ni akina nani, wakamjibu kwamba ni Skauti wa kike na wanataka nafasi yao.

Usidhani walizuka siku hiyo. Wasichana walikuwa wameshaanza kujisajili Skauti kimyakimya, na baadhi yao walikuwa na mbinu moja kali: badala ya kuandika jina la kwanza, waliandika herufi tu. Ukiona "M. E. Smith" kwenye fomu utajuaje kama ni Michael au Mary? Ofisi ikapitisha, beji zikatumwa.

Ujanja wa mjini huo. Lakini uangalie vizuri, una bei yake. Ili msichana aingie kwenye stori, ilibidi jina lake libaki nje.

Mwaka uliofuata, 1910, wasichana wakapewa chama chao, Girl Guides, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Hata hapo maneno hayakuisha. Watu wa enzi hizo waliogopa kwamba binti akilala kwenye hema na kupanda milima atageuka dume. Lakini moto ulishawaka. Machi 12, 1912, mama mmoja wa Savannah, jimbo la Georgia, Juliette Gordon Low, akakusanya wasichana 18 na kuanzisha chama ambacho leo ni Girl Scouts cha Marekani. Masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri kabisa, lakini kelele za "wasichana hawawezi" ndizo alizoamua kabisa kutozisikia.

Na kama ulikuwa hujui, mnyororo huu unapita mpaka huku kwetu. Baden-Powell alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, akafariki Januari 8, 1941 na kuzikwa hapohapo. Kwenye kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya Skauti yenye maana kwamba mwenyewe ameshakwenda nyumbani. Na Girl Guides duniani walipoanzisha kituo chao cha Afrika mwaka 2012, kikiwa hakina jengo moja la kudumu na shughuli zake zinahama nchi hadi nchi, walikipa jina la Kiswahili: Kusafiri.

Matoleo manane tu, halafu kwaheri

Sasa rudi 2014. Duka la katuni Marekani lilikuwa kijiwe cha wanaume. Kila ukuta ni misuli na makoti ya kupepea, na wauzaji wengi walishaamini wasichana hawanunui katuni. Ndiyo maana hata Lumberjanes yenyewe ilipangwa iwe fupi: matoleo manane, mchezo umekwisha.

Toleo la kwanza likaisha madukani, likachapwa tena. Kampuni ikabadili gia angani na kuifanya mfululizo wa kudumu. Julai 2015 ikabeba tuzo mbili za Eisner, ambazo kwenye dunia ya katuni ni kama Oscar: mfululizo bora mpya, na kazi bora kwa vijana. Ile ya matoleo manane ikaja kufika toleo la 75.

Wateja wale walitoka wapi? Hawakutoka popote. Walikuwepo siku zote, kama wale wa Crystal Palace. Hakuna aliyewawekea kiti.

Watano wa kibanda cha Roanoke

Kambi yao ina jina refu kuliko foleni ya mwisho wa mwezi: Miss Qiunzella Thiskwin Penniquiqul Thistle Crumpet, na si kambi ya mabinti wapole bali ya wanawake wakali. Ndani yake wapo Jo, mwenye kichwa cha hesabu. April, mdogo wa umbo lakini ana mikono ya chuma. Mal, mwenye mtindo wa nywele wa kipanki na woga wa maji. Molly, mtaratibu, anayetembea na rakuni hai kichwani kama kofia. Na Ripley, mdogo wao, ambaye akiona hatari anairukia kwanza, maswali baadaye.

Humo kuna pango lenye mitego inayofunguka kwa hesabu za Fibonacci. April anashindana mieleka ya mkono na sanamu linaloongea, na analichapa. Baadaye wanakuja dinosaria, wanamuziki nguva wenye bendi ya roki, mpaka mayeti wanaocheza mchezo wa viatu vya magurudumu. Vichekesho mwanzo mwisho. Lakini hakuna msichana anayepewa kazi ya kulia pembeni akisubiri kuokolewa, na hakuna wawili wanaogombania mvulana mmoja. Kauli mbiu yao ukiigeuza Kiswahili cha mtaani ni urafiki mpaka basi.

Mal na Molly wanapendana, taratibu, kwa aibu za umri wao. Jo, katika toleo la 17, anaeleza kwamba alipozaliwa watu walimhesabu kuwa mvulana. Anayasema hayo ili kumtia moyo Barney, mtoto wa kambi jirani ya wavulana ambaye anahisi hapo alipo si mahali pake. Wapo waliolalamika kwamba hayo hayafai kwenye katuni ya vijana. Wapo waliosema ndiyo mara yao ya kwanza kujiona kwenye ukurasa. Mwaka 2016 kazi hiyo ikapata tuzo ya GLAAD. Upende usipende, kitabu kilishikilia wazo lake: anayegonga mlango wa kambi asiulizwe kwanza kama anastahili.

Majina yanarudi

Sasa hapa ndipo penye utamu. Wasichana hawa wakishtuka hawasemi "Mungu wangu!" Wanataja majina ya wanawake. Mmoja anamtaja Joan Jett wa muziki wa roki. Mwingine Bessie Coleman, rubani Mweusi ambaye shule za urubani za Marekani zilimkataa, akajifunza Kifaransa na kwenda Ufaransa kuchukua leseni yake mwaka 1921. Wanatajwa Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1992, na Phillis Wheatley, aliyeuzwa utumwani Boston akiwa mtoto na kuchapisha kitabu cha mashairi mwaka 1773.

Hakuna maelezo chini ya ukurasa. Binti wa miaka 12 anasoma, anajiuliza "huyu nani tena?", anaingia mtandaoni kutafuta. Somo la historia limeshapita na hajagundua kama alikuwa darasani.

Halafu kuna utani unaojirudia: Rosie, mkuu wa kambi, kila siku anakosea jina la Jen. Janet, Jane, chochote chenye J. Na kila siku Jen anamrekebisha. Inachekesha, mpaka ukumbuke wale wasichana wa herufi tu.

Mwisho wa likizo

Mwaka 2020 mfululizo ulifika tamati. Filamu iliyotangazwa 2015 haikutoka. Mwaka 2021 ikatangazwa ya vibonzo kwa HBO Max, nayo kimya kikatanda. Vitabu vimebaki, na watoto wanaendelea kuvichakaza.

Wale wa 1909 waliingia kwa kuficha majina. Wajukuu zao wa kwenye katuni wanaingia msituni wakiyapigia kelele. Kati ya hao wawili kuna zaidi ya karne ya watu waliokataa kubaki nyumbani, na wengi wao hakuna aliyewaandika popote.

Swali linabaki kwako: ukishtuka usiku na mbweha wa macho matatu amesimama mbele yako, utapiga kelele kwa jina la mwanamke gani?