Uzamili wa biashara ya kimataifa na usimamizi wa mashirika: Chimbuko, masomo na namna ya kuchagua chuo

SHAHADA ya uzamili katika biashara ya kimataifa na usimamizi wa mashirika humwandaa mwenye shahada ya kwanza kuongoza kampuni, benki, shirika lisilo la kiserikali au idara ya serikali, hasa pale kazi inapovuka mipaka ya nchi moja. Katika mfumo wa kitaifa wa viwango vya elimu nchini Kenya, shahada ya kwanza imo kwenye kiwango cha 7, uzamili kiwango cha 9 na uzamifu kiwango cha 10.

Vyuo huipa kozi hii majina tofauti. Vingine huifundisha kama mkondo ndani ya uzamili wa usimamizi wa biashara, unaojulikana na wengi kwa kifupi kama MBA. Vingine hutoa shahada ya pekee ya biashara ya kimataifa, au ya uongozi na maendeleo ya mashirika.

Nchini Kenya, wengi wanaoisomea ni watu walioajiriwa. Hutoka kazini jioni wakaelekea darasani, na karo huitoa kwenye mshahara ule ule unaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Mtindo huu ulishika mizizi baada ya 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia kupitia mpango wa masomo sambamba. Kwa hivyo, anayechagua kozi isiyomfaa, au chuo kisichotambuliwa, huitia hasarani familia nzima.

CHIMBUKO LAKE

Shule ya biashara ya ESCP ilifunguliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo 1819. Nchini Marekani, Joseph Wharton alifadhili shule ya biashara katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mnamo 1881, nayo Tuck ya chuo cha Dartmouth ikaanza 1900. Shahada yenyewe ya MBA ilizaliwa Harvard mnamo 1908.

Taasisi ya INSEAD ilianzishwa Ufaransa mnamo 1957, na shule za London na Manchester zikafuata katika miaka ya 1960. India nayo ilianzisha taasisi yake ya usimamizi mjini Ahmedabad mnamo 1961.

Biashara ya kimataifa kama somo la pekee ilipata makao yake mnamo 1946, katika uwanja wa zamani wa kufunzia marubani wa kijeshi mjini Glendale, jimbo la Arizona. Shule iliyozaliwa hapo, Thunderbird, iliweka nguzo tatu: lugha za kigeni, elimu kuhusu mataifa mengine na mbinu za biashara. Waanzilishi waliamini kwamba mfanyabiashara asiyeifahamu lugha wala desturi za mteja wake hawezi kufika mbali, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani. Siku hizi shule hiyo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.

Katika Afrika Mashariki, chuo kinachojulikana leo kama USIU-Africa kilianza Nairobi mnamo 1969. Taasisi ya ESAMI yenye makao yake Arusha, Tanzania, inamilikiwa na serikali kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Shule ya biashara ya Makerere iliundwa Kampala mnamo 1997, na ile ya Strathmore, Nairobi, mnamo 2005.

YANAYOFUNZWA

Upande wa biashara ya kimataifa huanza na swali la kale: kwa nini nchi huuziana bidhaa? Mwanafunzi husoma hoja ya David Ricardo ya 1817 kwamba kila nchi hufaidika kwa kushughulikia kile inachokizalisha kwa gharama nafuu zaidi ikilinganishwa na vitu vingine. Kisha hugeukia kampuni zenyewe. Raymond Vernon alieleza mnamo 1966 jinsi bidhaa inavyobuniwa katika nchi tajiri na hatimaye utengenezaji wake ukahamia ng'ambo. Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Uppsala, Sweden, walionyesha mnamo 1977 kwamba kampuni nyingi huingia masoko ya kigeni hatua kwa hatua, zikijifunza kadiri zinavyosonga. Hapo huongezwa fedha za kigeni, forodha, sheria za mikataba, usafirishaji na utafutaji wa masoko.

Upande wa usimamizi wa mashirika huwahusu watu. Frederick Taylor alitaka, katika kitabu chake cha 1911, kila kazi ipimwe na igawanywe kisayansi. Uchunguzi uliofanywa katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kati ya 1924 na 1932, na kuhusishwa sana na Elton Mayo, ulivuta fikira kwenye mahusiano ya wafanyakazi na hisia zao. Kurt Lewin naye alifananisha mabadiliko katika shirika na barafu: sharti desturi za zamani ziyeyushwe, zibadilishwe, kisha zigandishwe upya katika umbo jipya. Wanafunzi pia husoma uajiri, utatuzi wa migogoro, maadili na usimamizi bora wa mali.

Sehemu hizi mbili hukutana katika somo la utamaduni. Geert Hofstede, kutoka Uholanzi, alichanganua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi na kuchapisha matokeo mnamo 1980. Katika takwimu zake, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilitiwa kapu moja la "Afrika Mashariki". Msomaji wa eneo hili hahitaji kuambiwa jinsi Mombasa inavyotofautiana na Addis Ababa au Lusaka. Ndiyo maana mhadhiri mzuri huitumia kazi hiyo kama mwanzo wa mjadala, wala si kama hukumu.

MIFANO YA NYUMBANI

Umuhimu wa masomo haya huonekana wazi katika safari ya M-Pesa. Huduma hiyo ilizinduliwa Kenya mnamo Machi 2007 na ikaenea kwa kasi. Ilipopelekwa Afrika Kusini mnamo 2010, haikushika, na ikafungwa 2016. Teknolojia ilikuwa ile ile, lakini mazingira hayakuwa yale yale: Waafrika Kusini wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na kanuni za fedha za huko zilikuwa tofauti.

Mfano wa pili ni wa maduka ya Uchumi, ambayo yalifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mnamo 2015. Kwa upande mwingine, benki ya Equity iliingia Uganda mnamo 2008 na kuendelea hadi Sudan Kusini, Rwanda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mwanafunzi wa uzamili hutakiwa kueleza kwa ushahidi ni nini huitofautisha kampuni inayodumu ugenini na inayorudi mikono mitupu.

Maswali haya yana uzito zaidi sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999, ilianzisha umoja wa forodha mnamo 2005 na soko la pamoja mnamo 2010. Baada ya Somalia kujiunga mnamo 2024, ina wanachama wanane. Aidha, biashara chini ya mkataba wa eneo huru la bara zima la Afrika ilianza rasmi Januari 1, 2021.

MUUNDO NA SIFA ZA KUJIUNGA

Kozi nyingi huchukua takriban miaka miwili, japo zipo za mwaka mmoja. Mwanafunzi huanza kwa mihadhara na mitihani, kisha huandika tasnifu au mradi wa utafiti. Hapa ndipo wengi hukwama. Mihadhara ina ratiba na wenzake wa kumtia shime. Tasnifu humtaka mtu ajisimamie mwenyewe, huku kazi na familia zikimvuta. Anayekusudia kuendelea hadi uzamifu ahakikishe kwamba njia anayochagua ina utafiti wa kutosha, kwani mradi mfupi huenda usikubaliwe.

Kwa kawaida vyuo vya Kenya hudai shahada ya kwanza ya daraja la pili, kitengo cha juu. Baadhi hupokea wa kitengo cha chini mradi wawe na tajriba ya kazi. Vyuo vingi vya ng'ambo huomba pia matokeo ya mtihani wa GMAT, ambao ulianza 1954. Toleo lake jipya, lililozinduliwa Novemba 2023, lina sehemu tatu na alama kati ya 205 na 805. Matokeo hutumika kwa miaka mitano.

KABLA YA KULIPA KARO

Jambo la kwanza ni uhalali. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyopo chini ya sheria ya 2012, ndiyo inayoidhinisha vyuo vikuu na kozi zake nchini. Chuo kinaweza kuwa halali ilhali kozi mpya inayotangazwa bado haijaidhinishwa. Kwa hivyo ni busara kuuliza kuhusu vyote viwili. Kwa shule za ng'ambo, mwombaji anaweza kutazama iwapo zina ithibati ya AACSB, EQUIS au AMBA. Anayekusudia kurejea nyumbani aulize mapema kuhusu taratibu za kutambuliwa kwa shahada yake. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Tangu hapo, waajiri wana kila sababu ya kukagua karatasi kwa makini zaidi.

Jambo la pili ni gharama kamili. Mbali na karo, kuna ada za usajili, za kusimamiwa tasnifu na za mahafali, pamoja na nauli. Mwanafunzi anayechelewesha tasnifu mara nyingi hulipa ada zaidi kila muhula. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hushughulikia pia maombi ya wanafunzi wa uzamili, na baadhi ya waajiri hulipa sehemu ya karo kwa sharti kwamba mfanyakazi asiache kazi kwa muda fulani. Sharti hilo lisomwe kabla ya kutia sahihi.

Jambo la tatu ni lengo. Karani wa forodha anayetaka kufungua kampuni ya uwakala, mkuu wa shule anayetaka kuhamia shirika la misaada na mhasibu anayetafuta cheo hawahitaji kozi moja. Wa kwanza atafaidika na mkondo wa biashara ya kimataifa, wa pili na usimamizi wa mashirika, na huenda wa tatu akafaidika zaidi na mitihani ya taaluma ya uhasibu. Shahada haimhakikishii yeyote kazi wala nyongeza ya mshahara. Anayefahamu ni kazi gani anataka kuifanya baada ya mahafali atajua pia ni maswali gani ya kuuliza katika afisi ya usajili, na ni wakati gani wa kuondoka bila kulipa.