Kura Moja ya Virginia

Hapana ada ya siasa ya Marekani iliyokita mizizi kuliko ile ya jimbo zima kumkabidhi mshindi wake kura zote za wajumbe wamchaguao rais, hata akiwa amempita mwenzake kwa kura chache tu. Na wengi hudhani kwamba hiyo ni amri ya katiba ya 1787, ilhali katiba haikuagiza ila kila jimbo liwateue wajumbe wake kwa namna bunge lake litakavyoona. James Madison, mmoja wa walioitunga, aliandika mwaka 1823 kwamba uchaguzi wa wilaya kwa wilaya ndio hasa uliokuwa katika fikira zao walipokuwa wakiitunga.

Basi mbona uliachwa? Sababu yake ni uchaguzi wa 1796, ambamo John Adams alipata kura 71 na Thomas Jefferson 68. Virginia, alikozaliwa Jefferson, ilikuwa na wajumbe 21, na kwa kuwa walichaguliwa kwa wilaya, mmoja wao alimpa kura Adams. North Carolina nayo, kwa utaratibu uo huo, ikampa Adams kura moja. Lau kura hizo mbili zingalirudi upande wa Jefferson, yeye angalipata 70 na Adams 69. Mtu aliyekosa urais kwa tofauti kama hiyo hawezi kuisahau, wala Jefferson hakuisahau: Januari 1800 alimwandikia James Monroe, gavana wa Virginia, akakiri kwamba njia ya wilaya ingalikuwa bora kama ingalifuatwa na majimbo yote, lakini maadamu majimbo kumi yalikuwa yakifuata njia nyingine, ilikuwa upumbavu kwa sita yaliyosalia kujinyima nguvu. Mwezi ule ule Virginia ikaacha wilaya. Massachusetts, nyumbani kwa Adams, haikukawia: bunge lake likawapokonya wananchi uteuzi wa wajumbe, kura zote 16 zisimponyoke mwana wao. Kila mmoja alimwogopa jirani yake, na kwa hofu hiyo majimbo yakaandamana, hata kufikia 1836 hapakusalia jimbo lililochagua kwa wilaya.

Mwaka 1891, Wademokrati wa Michigan, waliokuwa wamelipata bunge la jimbo ambalo kwa kawaida lilikuwa mikononi mwa Warepublikani, waliirejesha njia ile. Warepublikani wakashtaki, na shauri likafika Mahakama ya Juu, ambayo Oktoba 1892, kwa kauli ya Jaji Mkuu Melville Fuller, iliamua kwamba bunge la jimbo lina mamlaka hayo. Mwezi uliofuata Michigan ikampa Benjamin Harrison kura 9 na Grover Cleveland 5, nazo hazikubadili kitu, kwani Cleveland alishinda nchini kwa wingi. Mwaka uliofuata, Warepublikani walipolirudia bunge, sheria ikafutwa.

Mimi naona njia ya wilaya ina insafu kubwa zaidi, kwani wapiga kura walio wachache jimboni hawafutwi kana kwamba hawakutoka majumbani mwao. Lakini sithubutu kuisifu bila sharti, kwa maana mipaka ya wilaya aghalabu huchorwa na wanasiasa wale wale, na tangu 1812, gavana Elbridge Gerry alipoidhinisha huko Massachusetts ramani yake mashuhuri ya wilaya zilizopindwa ili kukipendelea chama chake, ulimwengu umejua jinsi mstari wa wino uwezavyo kuiba uchaguzi kabla kura haijapigwa.

Leo ni majimbo mawili tu yanayoifuata: Maine tangu uchaguzi wa 1972, na Nebraska tangu 1992. Mwaka 2024 Warepublikani walipotaka Nebraska iiache, ili kura ya Omaha isiende kwa Wademokrati, kiongozi mmoja wa Wademokrati wa Maine alionya kwamba jimbo lake nalo huenda likajibu vivyo hivyo, kwa hoja ambayo Monroe angaliitambua mara moja. Huko Nebraska, Mike McDonnell wa Omaha, seneta wa jimbo na Mrepublikani, akakataa kuyaunga mkono mabadiliko hayo, nayo yakakwama. Novemba ikafika: Omaha ikampa Kamala Harris kura yake moja, na wilaya ya pili ya Maine ikampa Donald Trump yake.