Miwani ya Kusomea: Historia ya Jina Moja

Neno miwani si geni katika pwani yetu. Johnson alikwisha kuliingiza katika kamusi yake ya 1939, na watu wa Mikindani, bandari ya majahazi tangu kale, hawakungoja kamusi ili walijue. Linalostahili kuchunguzwa ni nyongeza yake: miwani ya kusomea. Mimi naona nguvu ya jina hili ilitokana na miaka ya kisomo.

Mwaka 1967, ambao ndio Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia mtihani wa taifa wa Agosti 1975 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 39. Vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu, kama vile pamba, migomba na uvuvi. Lakini mtu akivuka miaka 40, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, isiweze tena kujibinua kwa ajili ya vitu vya karibu. Mwanakisomo mzee alikisogeza kitabu mbali mpaka mkono ukamwishia. Hivyo haja ya miwani ikajulikana darasani, na jina likabaki na harufu ya darasa.

Lakini kutoka Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, hadi Msangamkuu mkabala wa mji wa Mtwara, mvuvi hushona macho ya wavu (lugha yenyewe imeyaita macho), na mama husuka ukili na kuchambua mchele. Kazi zote hizo ni za karibu. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa 2006, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wana tatizo hili. Ukimwambia mvuvi asiyejua kusoma kwamba anahitaji miwani ya kusomea, atakujibu kwa haki kabisa kwamba yeye hasomi.

Upo na mkanganyiko wa pili. Kijana asiyeona mbali, ambaye jicho lake limerefuka hata taswira ikaangukia mbele ya retina, huvaa lenzi mbonyeo. Afikapo miaka 45 au 50, miwani ile ile iliyomsomesha ubaoni humzuia kusoma gazeti. Akiivua, herufi hurudi. Majirani husema miwani imemharibu macho, au alivaa kwa maringo tu. Na lugha haimtetei, maana "haoni mbali" ni pia lawama kwa mtu asiye na busara.

Wanaistilahi wetu, tangu Tafsiri Sanifu ya kwanza ya 1974, wamefanya kazi kubwa. Lenzi mbonyeo na lenzi mbinuko ni maneno safi, lakini hueleza umbo la kioo, na mteja dukani haulizi umbo. Napendekeza miwani ya karibu na miwani ya mbali, yaani kutaja umbali badala ya kazi. Wapo watakaouliza: je, ya karibu ni ya anayeona karibu, au ya asiyeona karibu? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mwulizeni mshona nyavu wa Mikindani kama anataka miwani ya karibu. Ataleta wavu wake aijaribu.