Mchepuko Sanifu: Alama Zinapoachana na Wastani

Mwanzoni mwa mwaka 1796 David Kinnebrook, msaidizi katika kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich nchini Uingereza, alifukuzwa kazi kwa sababu ya sehemu nane za kumi za sekunde. Kazi yake ilikuwa kuchungulia kwenye darubini huku akisikiliza mdundo wa saa, na kuandika wakati hasa nyota ilipokatiza uzi mwembamba uliotandazwa ndani ya chombo. Mnamo Agosti 1795 mkuu wake, Nevil Maskelyne, aligundua kwamba kijana huyo anachelewa kama nusu sekunde kuliko yeye. Aliambiwa ajirekebishe. Baada ya miezi michache pengo lilikuwa limefika sekunde 0.8, na Maskelyne akakata shauri kwamba msaidizi wake amezama katika mazoea mabaya ya kazi. Kipimo cha usahihi kilikuwa nani? Maskelyne mwenyewe.

Zaidi ya miaka 20 baadaye habari hiyo ilimfikia Friedrich Bessel, mtaalamu wa nyota na hisabati aliyekuwa Königsberg. Bessel hakutosheka na maelezo ya uzembe. Alijipima na wenzake waliobobea, akakuta hata wao hawaandiki wakati mmoja kwa nyota ileile, na kati yake na mmoja wao tofauti ilipita sekunde nzima. Basi kila mtu alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo ungeweza kupimwa.

Hapo ndipo vitabu vingi vya historia ya saikolojia hupenda kuanzia, na sababu yake inaeleweka. Lakini wanahisabati wa zama za Bessel walikuwa na neno moja tu kwa umbali kati ya kipimo na thamani ya katikati: kosa. Kwa nyota neno hilo lina mantiki. Nyota ina mahali pamoja angani, na vipimo vinavyotofautiana ni majaribio yenye dosari ya kupafikia mahali hapo. Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alilihamishia neno hilo kwa binadamu. Mwaka 1835 alimweleza msomaji juu ya mtu wa wastani, kana kwamba maumbile yalikusudia kumwumba huyo mmoja, na sisi wengine tukatokea kwa kukosewa shabaha.

Francis Galton aliugeuza mtazamo huo. Katika maonyesho ya afya ya mwaka 1884 mjini London alifungua maabara ambamo watu zaidi ya 9,000 walipimwa urefu, nguvu za mkono, usikivu na uoni. Alichotaka kuona ni namna watu wanavyoachana; wastani peke yake ulimchosha, na aliwacheka watakwimu walioishia hapo. (Galton huyuhuyu ndiye aliyebuni dhana ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua wazazi, na takwimu zake haziwezi kusomwa kana kwamba jambo hilo halikuwepo.) Mfuasi wake Karl Pearson ndiye aliyelitupa neno kosa. Katika mhadhara wa mwaka 1893, na kwa maandishi mwaka 1894, alikipa kipimo cha mtawanyiko jina jipya, lile ambalo katika makala hii linaitwa mchepuko sanifu.

Kinachopimwa kinaonekana vizuri kwa tarakimu chache za kubuni. Wanafunzi watano wanasomewa orodha ya maneno 20, kisha wanaulizwa wanakumbuka mangapi. Wanapata 9, 10, 10, 10 na 11. Kundi jingine la watano linapata 2, 6, 10, 14 na 18. Wastani wa kila kundi ni 10. Anayeripoti wastani tu atasema makundi haya yako sawa, ilhali katika la pili kuna mmoja aliyekumbuka maneno mawili, na huenda anahitaji kuangaliwa na mtaalamu, pamoja na mwingine aliyekaribia kuimaliza orodha.

Njia ya haraka ya kuonyesha tofauti hiyo ni kutoa alama ya chini katika alama ya juu: 2 kwa kundi la kwanza, 16 kwa la pili. Ni njia rahisi, ila inategemea watu wawili tu wa pembeni. Mmoja akiugua siku ya jaribio, hesabu nzima inabadilika.

Njia ya Pearson humhesabu kila mmoja. Katika kundi la pili, kila alama hutolewa wastani, na majibu ni -8, -4, 0, 4 na 8. Ukiyajumlisha hivyo hivyo unapata sifuri, na itakuwa sifuri kila mara, kwa kuwa wastani hukaa mahali ambapo upungufu wa hawa unalingana na ziada ya wale. Kwa hiyo kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe ili alama ya kutoa iondoke: 64, 16, 0, 16, 64. Jumla ni 160, nayo ikigawanywa kwa 5 inatoa 32. Hii 32 nayo ina jina lake tangu 1918, mwaka ambao Ronald Fisher aliandika makala kuhusu urithi wa sifa za kimaumbile. Kiswahili kinaweza kulitohoa tu, variansi, kama kilivyolitohoa sayansi. Ila 32 ni maneno yaliyozidishwa kwa maneno, kitu ambacho hakuna mwanafunzi anayekikumbuka. Kipeuo chake cha pili kinaturudisha kwenye maneno ya kawaida: 5.66. Kwa kundi la kwanza hesabu hiyohiyo inatoa 0.63.

Wale watano wakiwa ni sampuli tu ya watu wengi zaidi, 160 hugawanywa kwa 4 badala ya 5, na mchepuko unapanda hadi 6.32. Sampuli ndogo huelekea kuupunguza mtawanyiko wa watu wote, kwa sababu wastani unaotumiwa umetokana na alama zilezile na uko karibu nazo mno. Hatua hiyo ya kupunguza moja hubeba jina la Bessel.

Sasa kuhusu Kiswahili. Katika tasnifu na vitabu, kitu hiki kimoja huitwa mkengeuko wastani, mchepuko wastani, mkengeuko sanifu, ukengeushi sanifu, kwa kadiri ya mwandishi. Mafungu mawili ya neno yanahitaji kuamuliwa, na la pili ndilo rahisi. Wastani haufai. Ukichukua tofauti zilezile za kundi la pili, ukapuuza alama ya kutoa bila kuzidisha chochote, jumla ni 24, na ukigawanya kwa 5 unapata 4.8. Huo ndio mchepuko wa wastani kwa maana halisi ya maneno, na ni kipimo kingine kabisa. Kilikuwa na watetezi wake: mwanafizikia Arthur Eddington alikipendelea mwaka 1914, na Fisher akamjibu mwaka 1920 kwa kuonyesha kwamba alama zikifuata mchoro wa umbo la kengele, kipimo cha Pearson hutumia taarifa zilizomo vizuri zaidi. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika mchepuko wastani kwa 5.66 amemwachia msomaji wake fumbo.

Kati ya kengeuka na chepuka uamuzi ni mgumu zaidi. Anayekengeuka ameiacha njia nyoofu. Katika Biblia ya Kiswahili ukengeufu ni kuiasi imani. Kumwambia mzazi kwamba alama ya mwanawe imekengeuka ni kumrudisha Kinnebrook mbele ya Maskelyne. Kuchepuka ni kuacha njia kuu na kushika ya pembeni, kama gari linavyopitishwa barabara ya mchepuko matengenezo yakiendelea. Ni kweli kwamba mtaani Tanzania mchepuko ni mpenzi wa nje ya ndoa, na mwalimu wa takwimu atakayeliandika ubaoni ajiandae kwa kicheko. Kicheko hupita. Lawama iliyofichwa ndani ya istilahi hukaa muda mrefu.

Mfano mkubwa wa umuhimu wa kipimo hiki unatoka Scotland. Tarehe 1 Juni 1932 karibu watoto wote waliozaliwa mwaka 1921 na waliokuwa shuleni siku hiyo walifanya jaribio moja la akili, watoto 87,498 kwa jumla. Karatasi zilikaa ghalani kwa miongo mingi hadi watafiti wa Edinburgh wakiongozwa na Ian Deary walipozifufua. Mwaka 2003 walichapisha ulinganisho wa wavulana na wasichana. Wastani haukuwa na tofauti ya maana. Mchepuko sanifu ulikuwa nayo: 14.9 kwa wavulana, 14.1 kwa wasichana. Pengo la chini ya alama moja linaonekana dogo, lakini kwenye ncha za mgawanyo, kwa walio juu sana na kwa walio chini sana vilevile, wavulana walikaribia sita katika kila kumi. Aliyetazama wastani pekee asingejua. Kwa nini iwe hivyo ni mjadala mwingine, na mchepuko sanifu hausemi lolote kuhusu sababu.

Wanasaikolojia wenyewe wamegawanyika juu ya nini cha kufanya na mtawanyiko. Lee Cronbach aliliweka wazi jambo hili mwaka 1957: anayefanya majaribio ya maabara huona tofauti za watu kama kelele zinazomfichia athari anayoitafuta, na anayepima vipaji huziona kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Wapimaji wa akili walijifunza kwa taabu kwamba mtawanyiko hauwezi kupuuzwa. Katika toleo la mwaka 1937 la jaribio la Stanford-Binet, mchepuko sanifu ulikuwa kama 12.5 kwa watoto wa miaka sita na 20 kwa wa miaka kumi na miwili. Mtoto aliyebaki palepale kati ya wenzake, mchepuko mmoja juu ya wastani, angeonekana amepanda kutoka 112 hadi 120 bila kupiga hatua yoyote. David Wechsler aliiepuka hila hiyo kwa kuusimika wastani kwenye 100 na mchepuko kwenye 15 kwa kila umri. Wengine walichagua 16, na Raymond Cattell akatumia 24 katika jaribio lake moja. Ndiyo maana chama cha Mensa nchini Uingereza, kinachopokea asilimia mbili ya juu, humtaka mwombaji apate 148 katika jaribio hilo la Cattell, na 132 tu katika jingine lenye mchepuko wa 16.