Samaki Angali Mbichi

Wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay hawahitaji kufafanuliwa methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Wanaoanika usipa mchangani wanaijua kwa vidole vyao. Wazee wetu waliitumia kuhusu malezi ya tabia. Sayansi ya karne ya 20 imeonyesha kwamba inaufaa hata ubongo, tena katika jambo ambalo wengi hatudhani kuwa hufundishwa, yaani kuona.

Mwaka 1963, David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza jinsi walivyowafumba paka wachanga jicho moja katika miezi ya kwanza ya maisha. Lilipofumbuliwa, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo haukulisikiliza tena: seli zake nyingi zilikuwa zimehamia upande wa jicho la pili. Paka mzima aliyefanyiwa vivyo hivyo hakudhurika. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Waliofuata walichimba hadi ndani ya seli. Mwanga uingiapo jichoni, habari husafiri kutoka seli moja hadi nyingine kwa kemikali iitwayo glutamati. Seli mbili ziamkapo pamoja, mlango mdogo hufunguka na kalsiamu huingia. Kalsiamu hiyo huziamsha jeni, nazo huagiza protini za kuimarisha kiungo kati ya seli hizo. Kiungo kisichotumika hunyong'onyea. Umri ukisonga, wavu wa sukari na protini huzizunguka baadhi ya seli, na mabadiliko huwa magumu. Naam, ndivyo samaki akaukavyo.

Kando ya ziwa nilikua na kijana aliyezaliwa na weupe katika mboni zote mbili, ule uitwao mtoto wa jicho. Watu wazima walishauri asubiriwe apate nguvu za kupasuliwa. Ushauri ule ulitoka katika huruma, tena ulikuwa na mantiki yake: mzee mwenye mtoto wa jicho aweza kungoja mwaka mzima, na akipasuliwa akaona vizuri, kwa kuwa ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona. Mtoto mchanga bado hajajifunza. Mwenzetu alipasuliwa akiwa na umri wa kwenda shule. Weupe uliondoka, lakini aliendelea kumtambua mama yake kwa sauti.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania wenye maradhi hayo, wakaonyesha kwamba kuchelewa kufika hospitali ni jambo la kawaida, na umbali ni mojawapo ya sababu. Nani wa kushangaa? Kutoka Mbinga hadi Songea pekee ni takriban kilomita 100, na kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Moshi iko mbali zaidi, upande wa pili wa nchi.

Sisemi kwamba aliyechelewa aachwe. Mwaka 2002 watafiti wa Italia waliuyeyusha ule wavu katika ubongo wa panya wazima, na uwezo wa kubadilika ukarudi. Nchini India, mradi wa Prakash wa Pawan Sinha umeonyesha kwamba hata watoto waliopasuliwa wakiwa wakubwa hujifunza kuona kwa kiasi. Lakini kwa kiasi tu, na kwa jasho jingi.

Kwa mtoto aliyezaliwa na weupe mzito, madaktari hutaka kumpasua katika wiki za mwanzo, kisha avalishwe miwani. Basi mama ampelekaye mwanawe kliniki kupimwa uzito, asiondoke kabla mhudumu hajamtazama na mboni. Na babu akisema tungoje akue, aelezwe kwa heshima kwamba mwili utangoja, ila ubongo hautangoja.