Kutoka Hijai hadi Silabi: Mtoto wa Kiswahili Mbele ya Neno Geni

Kabla ya shule za wamisheni kuenea katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto alijifunza kusoma chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Njia iliyotumika ilikuwa hijai: herufi ilitajwa kwa jina lake, ikafuatiwa na irabu yake, kisha ikatamkwa sauti iliyotokana na viwili hivyo, hadi neno zima likatimia. Kwa njia hiyo mtoto aliweza kulitamka neno la Kiarabu ambalo hakupata kulisikia wala hakuijua maana yake. Hilo halikuwa dosari machoni pa mwalimu, kwani usahihi wa kisomo ulitangulia ufahamu. Istilahi mbili zinazotumiwa na wanaisimu hadi leo, irabu na tahajia, ni urithi wa elimu hiyo.

Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi zizo hizo, mambo yaligeuka. Lugha yenye irabu tano ilipata alama tatu tu: kasra ilibeba i na e, dhuma ikabeba u na o. Aidha, herufi moja ya b aghalabu ilisimama mahali pa b, p na mb, hata maandishi yale yale yakaweza kusomwa baba, papa au pamba. Hapo hijai peke yake haikufaa kitu. Msomaji alilazimika kulijua neno kwanza ndipo aweze kulisoma, akiongozwa na muktadha na, katika tenzi, na vina na mizani. Si haki kuyaita maandishi hayo duni kwa sababu hiyo. Yaliwatosha waliokuwa na lugha kifuani, na wenyeji waliouona upungufu wake walijaribu kuuziba: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, katika karne ya 19, alizirekebisha herufi hizo ili zipokee sauti za Kimvita.

Hati ya Kirumi ilishinda kwa njia nyingine. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja hiyo kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia tahajia moja katika vitabu vya shule. Kila irabu ilikuwa na herufi yake, na silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Basi darasa likaimba ba, be, bi, bo, bu, na neno geni likakatwa vipande vipande hadi likatamkika. Ni njia nzuri, na watoto wa lugha zenye tahajia ya vurugu wangeionea wivu.

Lakini ilikuwa na gharama yake. Tangu hapo msomaji aliweza kulitamka neno la lugha yake mwenyewe bila kulijua, kama alivyofanya zamani kwa Kiarabu. Tatizo hilo halikuonekana sana katika kampeni ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania katika miaka ya 1970. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilifuata kazi za watu, kama vile kilimo cha pamba, ndizi na uvuvi. Mkulima aliyelisoma neno pamba alikwisha kulibeba magunia kwa magunia. Mtoto wa darasa la pili hana akiba hiyo.

Mpe mtoto huyo neno hawakutuandikia. Kwa silabi atasoma ha-wa-ku-tu-a-ndi-ki-a, silabi nane zisizo na kosa, na huenda asielewe lolote. Akilitafuta katika kamusi chini ya H, hataliona. Akifundishwa kulitafuta shina, atalipata andik-, na viambishi vyake vitamweleza kwamba kuna watu waliotarajiwa kutuletea barua nao hawakuleta. Silabi zenyewe zililificha shina hilo kwa kulikata katikati. Vivyo hivyo, ajuaye kunja ataweza kukisia kunjua, kwa kuwa amezoea funga na fungua, ziba na zibua. Kukisia huko hakuna budi kupimwa kwa maana ya sentensi, la sivyo mtoto atadhani kwamba nunua ni kuacha kununa.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka huo huo Kenya ikaeneza mpango wa Tusome. Juhudi zote mbili zilitilia mkazo sauti za herufi na silabi, kisha ufahamu wa habari. Kati ya silabi na habari limesimama neno, nalo limepata nafasi ndogo. Viambishi huachiwa somo la sarufi katika madarasa ya juu, ambako mwanafunzi huvichambua kwa ajili ya mtihani, miaka mingi baada ya kuvihitaji kwa kusoma.

Hata matamshi yenyewe huvihitaji. Mbuni aliye ndege ana silabi mbili, mbu-ni. Mbuni anayebuni ana tatu, m-bu-ni, kwa sababu m- yake ni kiambishi cha ngeli. Tahajia haionyeshi tofauti hiyo. Mtoto aliyefunzwa silabi pekee hukata yote mawili kwa namna moja, na mwalimu, akisikia sauti kubwa isiyositasita, humpa alama ya vema.